Sura ya Sita: Kamisheni ya Kuamini

Mwezi Februari 1848, meli iliyoitwa Kezia Page ilitoka Salonika, bandari ambayo leo ni Thessaloniki ya Ugiriki na ambayo wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Uthmania. Ilibeba shehena ya mahindi ya kwenda Uingereza. Mahindi yana tabia inayojulikana na kila aliyewahi kuyafungia ghalani kabla hayajakauka sawasawa: hupata joto, hutoa jasho, kisha huanza kuchacha. Ndivyo yalivyofanya ndani ya ile meli. Ilipofika ghuba ya Tunis, nahodha aliona kwamba mzigo hauwezi kuendelea na safari, akauuza pale pale, mwezi Aprili.

London hawakuwa na habari. Mwezi Mei, Hastie na Hutchinson, mawakala wa nafaka katika jiji hilo, waliyauza mahindi yaleyale kwa mnunuzi aliyeitwa Callander. Aliyeuza na aliyenunua waliamini kwamba mahindi yako baharini yanakuja, kumbe yalikwishapata wenyewe huko Tunis. Siku chache baadaye habari ilifika, na Callander akaukataa mkataba. Wenye mali, Couturier na wenzake, walipokosa fedha yao hawakumfungulia kesi Callander. Waliwashitaki Hastie na Hutchinson, mawakala wao wenyewe.

Wakala hakununua mahindi. Hakuyaharibu, wala hakuwa ndani ya meli. Alitafuta mnunuzi, akampata, akaandikishana naye mkataba kwa niaba ya mwenye mali. Kwa kawaida kazi yake ingeishia hapo. Lakini Hastie na Hutchinson walikuwa wamekubali kuuza kwa kamisheni ya namna ya pekee, kubwa kuliko ya kawaida, ambayo wafanyabiashara wa London waliiita kwa maneno mawili ya Kiitalia: del credere.

Nimeyapa maneno hayo mawili sura nzima kwa sababu yanataja jambo linalofanyika katika kila soko linalouza kwa mkopo, likiwemo soko la karibu na nyumbani kwako. Kila mara mtu anapopewa mali bila kulipa, kuna mtu mwingine aliyesema, "Mpe, huyu namjua." Del credere ni jina la kale la swali linalofuata: aliyepewa mali asipolipa, aliyesema hivyo anawajibika vipi, na kwa malipo gani?

Ya kuamini

Mswahili ana bahati na neno hili, kwa maana sarufi yake inalipokea bila taabu. Del ni kihusishi, kama "ya" au "wa" yetu, kilichounganishwa na kibainishi cha Kiitalia. Credere ni kitenzi: kuamini. Kiitalia, sawa na Kiswahili, hukiruhusu kitenzi kisimame kama nomino. Sisi husema "kuamini kwake kumemponza" bila kuona ajabu yoyote, na Mwitalia naye husema il credere. Kwa hiyo del credere inakaa katika Kiswahili neno kwa neno: ya kuamini. Kamisheni ya del credere ni kamisheni ya kuamini.

Waitalia wenyewe wana usemi mrefu zaidi, star del credere. Stare ni kukaa au kusimama, na hapo pia tunafahamiana nao, kwa sababu kwetu mtu "humsimamia" mwenzake dhamana. Wakala wa star del credere anasimama nyuma ya imani yenyewe: ameamini, na anasimama kuilipia imani hiyo. Tofauti ipo kwenye mkazo tu. Mwitalia hukaza silabi ya kwanza ya kitenzi hicho, KRE-de-re, ilhali ulimi wetu, uliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ungependa kusema kre-DE-re.

Kitenzi chenyewe ni cha Kilatini, na kimezaa ukoo mkubwa. Kimezaa Credo, Kanuni ya Imani ambayo Wakatoliki wetu huianza kwa neno "Nasadiki". Kimezaa pia neno la mkopo katika lugha nyingi za Ulaya, kutokana na Kilatini creditum, yaani kile ambacho mtu ameaminiwa nacho. Wafanyabiashara wa Italia wa zamani walisema wameuza a credenza, kwa imani, wakiwa na maana ya kuuza kwa mkopo. Na credenza hiyohiyo ilikuwa pia jina la tendo la kuonja chakula cha bwana mkubwa kabla hajala, ili kuhakikisha hakina sumu. Kisha likawa jina la kabati ambalo chakula hicho kiliwekwa juu yake. Aliyeonja alikuwa akitoa dhamana kwa tumbo lake mwenyewe.

Kiswahili kimepita njia ileile kwa kutumia mzizi wa Kiarabu wenye alifu, mim na nun. Humo mmetoka imani, amini, mwaminifu, na amana, yaani mali anayoachiwa mtu aitunze. Mtu anayekuachia amana na mtu anayeswali wote wanachota katika kisima kimoja. Lugha mbili zilizokua mbali mbali zimefikia jambo lilelile: mkopo, kabla haujawa hesabu, ni imani.

Mitaa ya Walombardi

Kwa nini basi Mwingereza, mwenye maneno yake ya imani na ya dhamana, aliazima ya Kiitalia? Kwa sababu biashara ya mkopo ya masafa marefu ilimfikia kupitia mikono ya Waitalia. Katikati ya London hadi leo kuna mtaa uitwao Lombard Street, uliopewa jina la wafanyabiashara na wakopeshaji waliotoka kaskazini ya Italia katika Karne za Kati. Mfalme Edward III aliwakopa mno Bardi na Peruzzi, nyumba mbili kubwa za fedha za Florence, kugharimia vita vyake na Ufaransa, akashindwa kulipa. Nyumba zote mbili zilianguka katika miaka ya 1340. Historia ya mkopo wa Ulaya ina funzo hilo mapema kabisa: mkopaji mwenye taji kichwani, asiye na mtu wa kumsimamia, aliweza kuwaangusha waliomwamini.

Waliposhindwa watu, maneno yalibaki. Benki ni banca ya Kiitalia, yaani benchi au meza ya mbadilishaji fedha, na sisi tumeipata kupitia kwa Waingereza. Kitabu cha Luca Pacioli, kilichochapwa Venice mwaka 1494, ndicho kitabu cha kwanza kilichochapwa chenye maelezo kamili ya uwekaji hesabu wa pande mbili, debiti na krediti, ambao wahasibu wetu wanautumia mpaka leo.

Waitalia nao walikuwa wanafunzi kabla hawajawa walimu. Idara ya forodha wao huiita dogana, neno linalotokana na diwani, na sisi diwani tumempa kiti kwenye halmashauri. Orodha ya ushuru ni tariffa, ndugu wa taarifa yetu. Dalali kwao ni sensale, kutokana na simsar ya Kiarabu. Hata sifuri yetu na zero yao ni mapacha, watoto wa sifr moja. Mfanyabiashara wa Venice na mfanyabiashara wa pwani yetu walisoma chuo kimoja cha biashara, kila mmoja kwa upande wake wa bahari. Kwa hiyo msomaji asilione del credere kuwa ni neno la watu wa mbali mno. Ni la jamaa wa ukoo wa biashara.

Wazungu wengine waliligawana kila mmoja kwa namna yake. Wafaransa walilitafsiri wakapata ducroire. Wajerumani waliliunganisha likawa Delkredere, na wahasibu wao wakalipa kazi ya pili: fedha zinazotengwa kwa ajili ya madeni yanayotiliwa shaka. Ubelgiji, nchi ya lugha zaidi ya moja, iliunda shirika la umma la kudhamini mikopo ya mauzo ya nje lililojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Ducroire kwa Kifaransa na Delcredere kwa Kiholanzi. Siku hizi linaitwa Credendo, nalo ni tawi la kitenzi kilekile.

Vitunguu vya Mang'ola

Tuone sasa jinsi mpango wenyewe unavyofanya kazi, kwa mfano wa karibu. Tuseme mkulima wa vitunguu huko Mang'ola ana mzigo wa shilingi milioni 10. Soko lake liko Dar es Salaam, mahali asipomjua mnunuzi hata mmoja. Anampa mzigo dalali auze. Dalali anachukua kamisheni ya asilimia 5, shilingi 500,000, kila mzigo unapouzika.

Angalia mahali pa hatari. Dalali analipwa kwa kuuza. Halipwi kwa mnunuzi kulipa. Akijitokeza mnunuzi mwenye sauti nzuri na mfuko mtupu, anayetaka mzigo leo na kuahidi fedha baada ya siku 30, dalali akikubali amepata kamisheni yake, na hasara ikitokea inapanda gari kurudi Mang'ola. Dalali ndiye anayewajua wanunuzi: nani ana duka, nani amehama mara tatu mwaka huu, nani anadaiwa kila kona. Mkulima ndiye anayebeba hasara. Maarifa yako kwa mtu mmoja na maumivu yako kwa mwingine.

Del credere inaviunganisha viwili hivyo. Mkulima anamwambia dalali: nitakuongezea asilimia 2, shilingi 200,000 juu ya kamisheni yako, na wewe utanihakikishia kwamba kila mnunuzi utakayemkopesha mzigo wangu atalipa. Asipolipa, utanilipa wewe. Tangu hapo dalali anamtazama mnunuzi kwa jicho jingine. Yale aliyokuwa akiyajua na kuyanyamazia sasa yanagusa mfuko wake mwenyewe. Atauliza, atakumbuka, atakataa. Zile 200,000 zimenunua vitu viwili kwa pamoja: bima ya mkulima, na macho ya dalali.

Ndiyo maana mpango huu ulishamiri kila mahali ambapo bidhaa ilisafiri mbali kuliko habari. Mwenye nafaka wa Mashariki ya Mediterania hakuwa na njia ya kumjua mnunuzi wa London. Wakala wa London alikuwa nayo. Wenye viwanda vya nguo walifanya hivyohivyo na mawakala wao katika masoko ya Marekani: wakala alipokea vitambaa, akaviuza kwa mkopo, akadhamini malipo, na mara nyingi akamtangulizia mwenye kiwanda fedha. Kutokana na kazi hiyo ndipo ilipokua biashara ya leo ya kununua madeni ya ankara, ambayo benki nyingi zinaifanya.

Majaji wanabishana

Mahakama za Uingereza zilipolikuta neno hili, zililazimika kuamua wakala wa namna hii ni nani hasa. Je, ni mdaiwa wa kwanza, anayeweza kudaiwa moja kwa moja kana kwamba yeye ndiye aliyenunua? Au ni mdhamini, anayesubiri mpaka mnunuzi ashindwe?

Jibu la kwanza kubwa lilitoka kwa Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa Mahakama ya King's Bench tangu 1756 hadi 1788, mtu aliyesifika kwa kuziingiza desturi za wafanyabiashara ndani ya sheria ya Uingereza. Katika kesi ya Grove na Dubois ya mwaka 1786, dalali wa bima aitwaye Dubois alikuwa amewakatia bima wateja wake kwa kamisheni ya del credere, yaani aliwahakikishia kwamba mtoa bima atalipa. Mtoa bima akafilisika. Waliosimamia mali ya yule mufilisi wakamdai Dubois ada za bima. Dubois akajibu: nyinyi nanyi mnadaiwa fidia za hasara, na mimi ndiye niliyezidhamini kwa wateja wangu, basi tukatiane hesabu. Mansfield alimkubalia. Kwa maoni yake, ahadi ya del credere ni ahadi kamili inayomfanya dalali awajibike moja kwa moja kwa wateja wake.

Miaka 30 baadaye, katika kesi ya Morris na Cleasby ya mwaka 1816, Lord Ellenborough, aliyekuwa amekalia kiti hichohicho cha Jaji Mkuu, aliona kauli hiyo imepita kiasi. Mnunuzi ndiye mdaiwa, alisema, na wakala ni mdhamini wake. Deni halimgeukii wakala mpaka mnunuzi aanguke. Msimamo huo ndio uliodumu.

Ukaleta kitendawili kipya. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1677, iliyotungwa kuzuia udanganyifu, ilisema ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haina nguvu mahakamani isipokuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Ikiwa wakala wa del credere ni mdhamini, ahadi yake ya mdomo si kitu. Na mawakala wengi walikubaliana na wateja wao kwa mdomo.

Hapa tunarudi kwenye mahindi ya Salonika. Hastie na Hutchinson walijitetea pia kwa hoja hiyo: hakuna maandishi. Mwaka 1852 mahakama iitwayo Court of Exchequer iliikataa. Majaji walisema wakala wa namna hii haahidi tu kulipa deni la mtu mwingine kama rafiki anayemdhamini rafiki. Analipwa zaidi ili aifanye kazi yake mwenyewe kwa uangalifu zaidi, na kuwajibika kwa deni la mnunuzi ni tokeo la kazi hiyo. Kwa hiyo ahadi yake inasimama hata bila maandishi. Mwaka 1894, katika kesi ya Sutton na Grey, Mahakama ya Rufaa ilifuata njia hiyohiyo kwa mtu aliyekuwa akiwaletea madalali wa hisa wateja, akigawana nao kamisheni nusu kwa nusu, na hasara vilevile.

Naona hukumu hiyo ya 1852 ndiyo kiini cha sura hii. Majaji waliona kwamba neno "atalipa" likitoka kwa mtu anayelipwa kulisema si neno lilelile linalotoka kwa mtu asiyelipwa. La kwanza ni kazi. La pili ni wema. Sheria inaweza kuidai kazi iliyolipiwa ujira, na inaogopa kuudai wema bila ushahidi wa maandishi.

Hata hivyo Hastie na Hutchinson waliokoka. Rufaa ilikwenda hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, na mwaka 1856 Lord Cranworth akaamua hivi: mkataba ulihusu mahindi yaliyodhaniwa yapo, na mahindi hayakuwapo tena ya kuuzwa. Callander hakununua kitu, kwa hiyo hadaiwi. Na kama mnunuzi hadaiwi, wakala aliyemdhamini anadaiwa nini? Dhamana haiwezi kuwa ndefu kuliko deni inalolifunika. Kanuni ya mali iliyopotea kabla ya kuuzwa iliingizwa katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, na kutoka huko ikaingia katika sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania. Hivyo wakili wa Mombasa anayetetea shehena iliyozama kabla ya mkataba anasimama juu ya mahindi yaliyochacha kwenye ghuba ya Tunis.

Mpaka mwingine uliwekwa mwaka 1914, katika kesi ya Gabriel na Churchill. Mahakama ilisema wakala wa del credere anadhamini kwamba mnunuzi ana uwezo wa kulipa deni lililo wazi. Hadhamini kwamba mnunuzi hatagombana na muuzaji juu ya ubora wa bidhaa au tafsiri ya mkataba. Vitunguu vikifika vimeoza na mnunuzi akakataa kulipa kwa sababu hiyo, ugomvi ni wa mkulima na mnunuzi. Dalali aliuza imani juu ya mfuko wa mtu, hakuuza imani juu ya vitunguu.

Nyumbani kwao neno

Neno hili kwa Kiingereza ni adimu. Wapo mawakili wanaostaafu bila kulitumia hata mara moja. Lakini nchini Italia lilikuwa likiwaumiza watu. Kampuni zilikuwa na desturi ya kuwatwisha mawakala wao wa mauzo, wengi wao watu wadogo wanaozunguka na mkoba, sehemu ya hasara ya kila mteja asiyelipa. Wakala aliyehangaika mwezi mzima angeweza kujikuta anadaiwa na kampuni aliyoifanyia kazi.

Sheria namba 526 ya mwaka 1999 ilibadilisha kifungu cha 1746 cha Sheria ya Madai ya Italia na kupiga marufuku kumtwisha wakala wa namna hiyo hasara ya mteja, hata kwa sehemu. Mlango mmoja mdogo uliachwa wazi: pande mbili zinaweza kukubaliana mara mojamoja, kwa biashara mahususi zilizotajwa moja baada ya nyingine, dhamana isizidi kamisheni ambayo wakala angeipata kwenye biashara hiyo, na alipwe ujira wa pekee kwa kuibeba. Wajerumani walifika karibu na hapo kwa njia yao: sheria yao ya biashara inasema wakala anayedhamini malipo ana haki ya kamisheni ya Delkredere, haki ambayo haiwezi kufutwa mapema kwa mkataba, dhamana hiyo iwe ya biashara maalumu au ya wateja maalumu, na iwe kwa maandishi.

Sheria hizo mbili zinatoka katika nchi mbili na kufikia hekima moja. Imani ina bei, na bei hiyo lazima ilipwe. Imani ina mpaka, na mpaka huo lazima utajwe.

Mahali ambapo neno hili liko hai kabisa leo ni India. Kampuni kubwa zinazouza malighafi ya plastiki huwatumia mawakala wanaojulikana kwa herufi DCA, del credere agent. Mwenye kiwanda kidogo cha ndoo akichelewa kulipa, wakala huilipa kampuni kwa tarehe iliyopangwa, kisha humdai mwenye kiwanda deni pamoja na riba. Mpango huo ni mkubwa kiasi kwamba mwezi Novemba 2018 mamlaka ya kodi ya India ilitoa waraka rasmi kuamua riba hiyo ihesabiwe vipi katika kodi ya bidhaa na huduma.

Kwa biashara ya nje kazi ya del credere imehamia kwenye taasisi kubwa zaidi: benki zenye barua zao za dhamana, na mashirika ya bima ya mikopo. Uingereza ilianzisha idara yake ya kudhamini mikopo ya mauzo ya nje mwaka 1919. Kwetu, nchi kadhaa za Mashariki na Kusini mwa Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la bima ya biashara lenye makao makuu Nairobi, lililoanza mwaka 2001. Msafirishaji anayeogopa kwamba mnunuzi wa ng'ambo hatalipa anaweza kwenda huko kununua kile ambacho Couturier alikinunua kwa Hastie.

Mali kauli

Mkulima wa vitunguu hafiki kwenye ofisi hizo. Yeye ana neno lake mwenyewe: mali kauli. Anatoa mali, anapewa kauli. Mfanyabiashara anachukua mzigo leo, anaahidi kulipa akishauza, na kati yao mara nyingi yuko mtu wa tatu aliyesema, "Mpe, huyu namjua." Biashara nyingi za Tanzania zimejengwa juu ya maneno hayo, na ninayaheshimu. Mtu asiye na hati ya nyumba wala akaunti nene ameweza kuanza duka kwa sababu kuna aliyemwamini. Ukiiondoa mali kauli utakuwa umewafungia mlango maelfu ya watu walio waaminifu kuliko wenye hati.

Lakini mtu wa tatu ndiye asiyetajwa. Mzigo ukipotea, mkulima anamgeukia na kumwambia, "Wewe ndiye uliyesema unamjua." Naye anajibu, "Nilisema namjua, sikusema nitalipa." Wote wawili wanasema kweli. Hapo ndipo undugu unapovunjika, watu wa kijiji kimoja wanapoacha kusalimiana, na wahenga wanapokumbukwa: kukopa harusi, kulipa matanga. Deni lilihesabika. Dhamana haikuhesabika, kwa sababu hakuna aliyeitamka.

Nchini Kenya sheria ya mikataba bado inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iandikwe na kutiwa sahihi, mrithi wa ile sheria ya 1677. Nakubaliana nayo. Pale ambapo hakuna ujira, maandishi ndiyo yanayomlinda mwenye moyo mwema asigeuzwe mdaiwa kwa neno alilolisema kwa adabu tu, na ndiyo yanayomlinda mkulima asidanganyike na adabu hiyo.

Hatuhitaji kuliazima neno la Kiitalia. Tunayo dhamana, tunayo kamisheni, na tunayo kuamini. Tunachoweza kuwaazima Waitalia ni ile desturi ya kukitaja kila kimoja kwa jina lake kabla mzigo haujapakiwa. Basi wewe unayetoa mali kauli, muulize anayekuletea mnunuzi: unanitambulisha, au unanidhamini? Akisema anakudhamini, mwongezee ujira wake, kisha kwenye daftari andikeni jina la mnunuzi, kiasi, tarehe ya kulipa na kikomo cha dhamana, na mtie sahihi wote wawili. Akisema anakutambulisha tu, mshukuru, na uamue mwenyewe ukijua kwamba hasara ikija ni yako. Namjua ni neno moja na namdhamini ni neno jingine. Anayelitaka la pili alilipie, na anayelitoa aliandike.